Skii Zako Zinasemaje? Dalili, Visababishi na Uchaguzi wa Skii za Mlima Mzima kwa Wanawake

Akina dada wanaoshuka miteremko ya wastani bila woga, na ambao wameanza kuingia kwenye ile mikali, huniuliza swali moja: "Ninunue skii gani?" Nami huwarudishia swali. Hizo ulizonazo zinakusumbua wapi, kwenye theluji ya namna gani, na kuanzia saa ngapi ya siku? Ukishafika kiwango hicho, miguu yako inajua mengi kuliko jedwali lolote la dukani. Tatizo ni kwamba dalili moja huweza kuwa na visababishi vinne au vitano, na baadhi yake havimo kwenye skii kabisa. Vimo kwenye makali, kwenye kifungio (kile kinacholishika buti juu ya skii), au ndani ya buti.

Nimeona wanawake wengi wakiacha skii nzuri, wakanunua nyingine nzuri, na jambo lile lile likaendelea kuwasumbua. Inaniuma kila mara. Kwa hiyo hapa nakwenda kwa dalili, na katika kila dalili naanzia kwenye kile kinachorekebishika kwa tupa au bisibisi kabla ya kuigusa skii yenyewe. Ukipita hatua zote na tatizo bado lipo, umeshajua cha kutafuta kwenye jozi ijayo.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Skii za mlima mzima ni zile zilizotengenezwa kushuka popote: kwenye theluji iliyosawazishwa na mashine, iliyovurugwa na watu, laini ya asubuhi, hata vichuguu, yaani vilima vidogo vya theluji vinavyofuatana mteremkoni. Upana wake hupimwa kiunoni, yaani chini ya buti, na kwa wanawake nyingi ziko kati ya milimita 80 na 100. Mara nyingi namba iliyo kwenye jina ndiyo upana huo: Blizzard Black Pearl 88, Völkl Secret 96. Tumbo ni upande unaogusa theluji. Upinde ni ile nafasi unayoiona katikati ukiilaza skii sakafuni bila kuikanyaga. Roka ni pale pua, na wakati mwingine mkia, unapoanza kuinuka mapema kabla ya kufika kwenye ncha.

Zinatetema na kuponyoka kwenye theluji ngumu

Hii ndiyo dalili inayofanya watu wanunue skii mpya bila sababu kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na ukucha. Pitisha ukucha wa kidole gumba ukivuka ukingo wa chuma, si kwa kuufuata urefu wake. Makali mazima yatakwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Makali yaliyokufa yatateleza tu. Pima chini ya buti kwanza, kwa sababu ndipo yanapoisha mapema, kisha sentimita 30 mbele na 30 nyuma. Pima skii zote mbili, kingo zote nne. Watu wengi wana kona moja wanayoikata kwa nguvu kuliko nyingine, na upande mmoja huisha haraka zaidi.

Skii nyingi hutoka kiwandani zikiwa na pembe ya nyuzi 1 upande wa tumbo na nyuzi 2 upande wa ubavu. Ubavu unaweza kuunoa msimu mzima bila wasiwasi. Upande wa tumbo ni jambo jingine. Ukishalegezwa mpaka 1.5 au 2, skii itaponyoka hata kama makali yako yanakata nywele, na hakuna tupa ya kuirudisha hali ya awali. Dawa ni tumbo lote lisagwe kwenye jiwe la mashine, kisha pembe ianzwe upya. Kwa hiyo mwambie fundi pembe unazotaka kabla hajawasha mashine, na uziandike kwenye kipande cha plasta ulichobandika juu ya skii. Mimi hufanya hivyo kwa kila jozi.

Baada ya makali, angalia umbo la tumbo. Mwenzangu mmoja alinijia na skii za milimita 88 zilizokuwa kwenye msimu wa pili. Alishachagua nyingine za kununua, nzito zaidi. "Hizi zimechoka," akaniambia, "kwenye barafu ni kama nimevaa sabuni." Tulizigeuza mezani, tukasimamisha rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya tumbo, tukainama na kuangalia kuelekea dirishani. Katikati rula ilikaa sawasawa. Pembeni, kushoto na kulia, mwanga ulipenya, mwembamba kama uzi. Tukaisogeza rula mbele, mwanga ule ule. Tumbo lilikuwa limevimba kuliko makali, pengine kwa kunolewa mara nyingi bila kusagwa. Skii ya namna hiyo huelea juu ya tumbo lake, na makali hayagusi theluji mpaka uilaze sana. Zikasagwa. Wiki iliyofuata akaniambia hanunui kitu.

Kama makali ni mazima na tumbo liko sawa, sasa iangalie skii yenyewe. Kuna mambo manne.

Uzito na kilichomo ndani. Skii nyepesi sana, hasa iliyojengwa kwa kaboni na mti mwepesi kama paulonia, haina uzito wa kumeza mtikisiko. Ikigonga barafu inaruka, ikiruka inaachia. Ndiyo sababu baadhi huwekewa tabaka la titanali. Jina linafanana na titani, lakini kitu chenyewe ni aloi ya alumini. Bamba lake jembamba huifanya skii itulie na isijikunje kama kitambaa kinachokamuliwa pale unapoilaza. Mwanamke mwepesi aogope titanali? Hapana. Aogope titanali nyingi. Siku hizi watengenezaji huipunguza au kuikata vipande kwenye skii fupi, na hapo inakuwa msaada badala ya mzigo.

Upana. Soli ya buti la kawaida mbele ina upana wa karibu milimita 69. Kwenye skii ya milimita 78, ukingo uko karibu kabisa na chini ya mguu wako. Kwenye ya 98, ukingo uko milimita 49 kutoka katikati, na buti linaishia karibu 35. Hizo 14 za ziada ni wenzo unaofanya kazi dhidi yako: theluji ngumu inausukuma ukingo juu, na kifundo cha mguu na goti vinalazimika kuushikilia chini.

Roka ndefu hupunguza urefu wa makali yanayogusa pale skii inapokuwa haijalazwa sana. Na urefu: skii fupi mno ina makali machache ya kushikia.

Basi kama siku zako nyingi ni za theluji ngumu, tafuta kiuno cha 82 hadi 90, upinde unaoonekana wazi chini ya buti, roka fupi puani tu, na titanali kiasi. Ukiwa hapo bado unaweza kuingia kwenye sentimita 15 za theluji mpya bila shida.

Zimeng'ang'ania, hazitaki kuachia kona

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na inatisha zaidi kwa sababu skii inakupeleka inakotaka. Unamaliza kona, unataka kuanza nyingine, nayo imeganda kwenye reli.

Rudi kwenye rula. Safari hii tafuta mwanga katikati: tumbo limezama na makali yamesimama juu yake. Tiba ni ile ile, jiwe la mashine. Kisha tafuta vinyweleo vya chuma. Skii ikitoka kunolewa, nyuzi nyembamba za chuma hubaki zimekunjikia upande wa tumbo. Huzioni, lakini ukipitisha kipande cha pamba vinanasa. Viondoe kwa jiwe laini kwa mkono mwepesi. Mwisho, uliza kama makali ya ncha kabisa, puani na mkiani, yalipunguzwa ukali. Skii nyingine zikiachwa na ukali mpaka ncha, pua hunasa kabla wewe hujaamua.

Kuna jambo moja ambalo halimjii mtu akilini: baadhi ya skii zina kushoto na kulia. Elan Ripstick ni mfano. Ukingo wa ndani wa kila skii una upinde, wa nje una roka, na alama imeandikwa juu yake. Ukizivaa kinyume siku nzima, utaamini kabisa kwamba ni mbovu. Hili nimeliona kwa macho yangu kwa mtu anayejua skii vizuri sana. Zibadilishe miguu kabla ya kwenda kwa fundi.

Kama yote hayo yako sawa, skii zinakuzidi. Mkia mpana na mgumu, wenye ncha bapa, unadai umalize kona kwa nguvu na uzito mbele. Mwanamke wa kilo 55 anayekata kona kwa utulivu hatafaidi mkia wa namna hiyo. Mtafutie wenye roka kidogo nyuma, ambao unaweza kuuachia uteleze pembeni anapotaka. Angalia pia nusukipenyo cha kona kilichoandikwa kwenye skii. Kwa za mlima mzima za wanawake, mita 14 hadi 16 ni eneo la kati lenye uhuru. Chini ya 13 skii itakuwa inaomba kona fupi muda wote, hata pale ambapo wewe hutaki.

Mapaja yanawaka kabla ya mchana

Hapa naomba usinunue skii yoyote mpaka umeangalia mabuti.

Paja linawaka kwa sababu umekaa. Uzito wako uko nyuma ya kisigino, na misuli ya paja inakushikilia usianguke, kama mtu aliyeketi kwenye kiti kisichokuwepo. Swali ni nini kilichokukalisha. Kwa wanawake mara nyingi ni kigimbi. Kigimbi cha mwanamke kwa kawaida huanzia chini zaidi na kina unene pale pale ambapo mdomo wa buti unaishia. Kikibanwa na mdomo huo, muundi unasukumwa mbele kuliko unavyotaka, goti linakunjika, na mwili unashusha makalio nyuma ili usawazishe. Mabuti ya wanawake hukatwa chini zaidi mdomoni kwa sababu hiyo. Kabari ndogo chini ya kisigino, ndani ya buti, inaweza kukiinua kigimbi kitoke pale kinapobanwa.

Kisha kifungio. Sehemu ya kisigino huwa juu kuliko ya mbele kwa milimita kadhaa. Buti la namba 23.5 lina soli ya karibu milimita 275, la 28.5 karibu 325. Milimita zile zile zikigawanywa kwenye soli fupi zinatoa mteremko mkali zaidi, kwa hiyo mwenye mguu mdogo anasimama kama aliyevaa viatu vya visigino bila kuambiwa. Jaribio ni rahisi. Vaa mabuti, funga vizuri, ingia kwenye skii ukiwa ndani ya nyumba juu ya zulia, fumba macho, simama dakika moja. Kama vidole vya miguu vinakunja kushika soli, au unajikuta unarudi nyuma kila mara, mwonyeshe fundi. Kipande cha plastiki cha milimita 2 au 3 chini ya kifungio cha mbele kinaweza kumaliza kilichokusumbua misimu mitatu.

Na kubwa kuliko yote, ukubwa wa buti. Toa lile buti laini la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele. Nyuma ya kisigino pabaki sentimita 1 hadi 2. Ikiwa zaidi ya hapo, buti ni kubwa, mguu unaogelea, na hakuna skii duniani itakayotii amri inayopitia kwenye buti la namna hiyo. Namba za ugumu wa buti usizichukulie kama kipimo cha sayansi: 90 ya kampuni moja si 90 ya kampuni nyingine. Kwa aliye kati na juu, 85 hadi 105 ndipo pa kuanzia kujaribu, kulingana na uzito wako.

Baada ya mabuti, ndipo useme skii ni ngumu mno. Skii isiyopinda chini ya uzito wako inakulazimisha upigane nayo. Dalili yake ya wazi ni hii: kwa kasi inakwenda vizuri, kwa mwendo wa polepole ni gogo.

Magoti yanauma jioni

Kama maumivu yanakuja tu siku za theluji ngumu ukiwa na skii pana, rudi kwenye ule wenzo niliouelezea juu. Kushuka kutoka 98 mpaka 88 ni mabadiliko makubwa kwa goti kuliko namba inavyoonekana. Kama yanakuja kila siku, kwenye goti moja, upande wa ndani, mwone mtaalamu wa mabuti akupime mkao wa miguu, kwa sababu huenda mguu mmoja unasimama umeinamia ndani. Kama goti limevimba au linalegea, hilo si suala la vifaa tena. Nenda kwa daktari.

Sitaki kulipita hili haraka. Wanawake wanaoteleza kwa burudani huumia kano ya mbele ndani ya goti mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Vifungio vya kawaida viliundwa hasa kuulinda muundi usivunjike: mbele hufunguka kwa msokoto, nyuma kwa kunyanyuka. Ile ajali ya kuanguka kinyumenyume, makalio chini ya magoti, skii ya chini ikizunguka kuelekea ndani, kifungio mara nyingi hakiisikii. Kwa hiyo skii inayokufanya ukae nyuma, iwe kwa ufupi wake, kwa ugumu wake au kwa buti baya, ni hatari. Ukianguka kinyumenyume, usijaribu kusimama huku bado unateleza. Acha uanguke kabisa.

Namba ya kifungio, yaani nguvu inayohitajika kukifungua, huwekwa kwa kufuata kiwango cha ISO 11088, kwa kutumia uzito, urefu wa mwili, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Mwanamke akifikisha miaka 50 jedwali linashusha namba hatua moja. Usimwambie fundi wewe ni wa daraja la tatu, lile la wanaoshuka kwa kasi na nguvu, kwa sababu ya aibu. Sema kweli. Na kama buti linafunguka ovyo, usikaze bisibisi. Kwanza ondoa barafu iliyoganda chini ya soli, angalia kama soli imelika, na hakikisha mkandamizo wa kisigino umewekwa kwa urefu wa soli yako, hasa kama umebadilisha mabuti na kuacha skii zile zile.

Pua inazama kwenye theluji laini

Hapa nina kisa changu. Niliwahi kununua skii za milimita 98, roka mbele na nyuma, urefu wa sentimita 152. Nina urefu wa sentimita 170 na kilo 68. Muuzaji aliniambia wanawake hufurahia skii fupi, nami nikaamini, maana zilikuwa pana na pana ndiyo huelea. Siku ya kwanza ya theluji ya kufika magotini nilizamisha pua kona ya tatu, nikavuka juu ya skii kwa kifua. Nikajifunza kuegemea nyuma. Nikaunguza mapaja. Nikasema mimi theluji laini siiwezi. Msimu mzima nilijilaumu kwa kosa la sentimita 12, kwa sababu nilipopanda skii ile ile ya urefu wa 164, pua ilipanda juu yenyewe na nikasimama wima.

Kinachoelea ni eneo lote la tumbo, upana kwa urefu, tena roka hukufanya usimame kwenye skii fupi kuliko namba iliyoandikwa. Kwa mwanamke wa kiwango cha kati na kuendelea, skii iishie kati ya pua yako na kipaji cha uso. Ikiwa na roka pande zote mbili, nenda kwenye kipaji au juu kidogo. Uzito ni muhimu kuliko urefu wa mwili. Mrefu mwembamba na mfupi mwenye mwili wanaweza kuhitaji skii zinazofanana kabisa, maana skii haijui urefu wako, inajua kilo.

Kabla ya kulaumu skii, angalia kifungio kimefungwa wapi. Kuna mstari juu ya skii unaolingana na alama ya katikati ya soli ya buti. Ukisogeza kifungio mbele sentimita 1, kona inaanza kwa wepesi lakini pua inazama mapema. Ukirudisha nyuma 1, inaelea vizuri lakini kwenye theluji ngumu inakuwa mvivu kuanza. Jeannie Thoren wa Marekani alipigania miaka mingi kwamba vifungio vya wanawake visogezwe mbele, na alikuwa na hoja kwa skii za wakati ule, zilizokuwa zimepimwa kwa mwili wa mwanamume. Skii nyingi za wanawake za leo zimeshahesabu hilo kwenye mstari wenyewe. Anza kwenye mstari. Usimruhusu mtu akusogeze mbele mara ya pili.

Pua inapepea kwa kasi

Ukienda moja kwa moja kwenye theluji bapa, pua yenye roka lazima ipepee, kwa sababu haigusi chochote. Haina madhara. Ilaze skii kidogo upande na itatulia. Ikiwa inapepea hata ukiwa umeilaza, au skii nzima inayumba, ama ni fupi ama ni nyepesi mno kwa mwendo wako. Panda hatua moja ya urefu kabla ya kubadili modeli.

Kwenye vichuguu zinanikataa

Mara nyingi ni mkia mgumu, au upana kupita 95, unaochelewa kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hapa ndipo wepesi unapolipa, na hapa tu ndipo ningekubaliana na anayetaka skii fupi kidogo.

Za kike au za kawaida?

Majibu ya hili huwa na ubishi, nami nina msimamo. Jina la "ya wanawake" halikwambii chochote mpaka ujue kilichobadilishwa. Kampuni nyingine hutumia ukungu ule ule na tabaka zile zile za skii ya kawaida, zikabadilisha rangi na kutoa urefu mfupi zaidi. Nyingine hutumia mti mwepesi, titanali nyembamba, na kusogeza mstari wa kifungio mbele. Zote ni halali. Lakini wewe wa kilo 75 unayeshuka kwa kasi unaweza kuikuta ile iliyolegezwa inatetema chini yako, na dawa yako ikawa skii ya kawaida ya urefu wa 170. Na wewe wa kilo 52 unaweza kupata kwenye skii ya kike kile ambacho hakuna skii ya kawaida itakupa: urefu wa 150 uliopunguzwa ugumu kulingana na urefu huo. Muulize muuzaji uzito wa skii moja kwa gramu na kama ndani kuna titanali. Asipojua, soma mwenyewe kwenye karatasi ya kiwanda.

Kuzijaribu kabla ya kutoa pesa

Siku ya kujaribu, badilisha kitu kimoja tu. Mteremko ule ule, mabuti yale yale, soksi zile zile. Shuka mara mbili kwa kila jozi. Mara ya kwanza unaizoea, ya pili ndiyo unaisikiliza. Fanya kona fupi sita, ndefu sita, kisha shuka polepole sana, kwa sababu mwendo wa polepole hufichua mengi ambayo kasi huyafunika. Andika maneno matatu kwenye simu ukiwa kwenye kiti cha kupandia, kabla hujapanda jozi nyingine. Na pitisha ukucha kwenye makali ya kila jozi ya kujaribia: zimepita miguu mingi, na ile unayoikataa huenda ilikuwa butu tu. Kumbuka pia kwamba vifungio vya kujaribia vinavyorefushwa na kufupishwa huwa vizito na vinaweza kuwa na mteremko tofauti na vile utakavyofungiwa.

Ukishachagua, mpelekee fundi mabuti yako yenyewe, si namba yake. Soli ya kawaida hufuata ISO 5355, ya GripWalk, iliyopinda kidogo ili kurahisisha kutembea, hufuata ISO 23223, na si kila kifungio kinapokea zote. Breki za kifungio ziwe pana kuliko kiuno cha skii kwa milimita chache, zisizidi 15, la sivyo zitakuwa zinakwaruza theluji kila unapoilaza skii. Chagua kifungio ambacho namba yako inaangukia katikati ya kipimo chake. Mwambie afunge kwenye mstari, apime mfunguko kwa mashine, mbele na nyuma, miguu yote miwili, na akupe karatasi yenye namba zote. Iweke kwenye mfuko wa mabuti, maana ukibadilisha buti, ukizidi kilo kadhaa au ukifikisha miaka 50, utaihitaji.